Mimi, wewe, yeye: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu viwakilishi na jinsia

Maswali haya hurudi tena na tena kutoka kwa wanaojifunza lugha, wanaotafsiri, na waliopewa fomu wakakuta kisanduku cha viwakilishi. Maneno ya lugha zenye hati zake, kama Kiarabu, Kiamhari na Kithai, yameandikwa hapa kwa herufi za Kirumi ili yasomeke.

Kwa nini Kiswahili kina "yeye" mmoja tu?

Kwa sababu ni lugha ya Kibantu, na lugha za Kibantu hupanga nomino kwa ngeli ambazo hazijali nani mume nani mke. Mwalimu, mgeni, mtoto, bibi, kuku na samaki wote wanaingia A-WA, wote "anakuja", wote "namwona". Kinachoangaliwa ni uhai. Ukisema "ameanguka" au "kimeanguka", msikilizaji anajua papo hapo kama ni mtu au kiti, ila hajui kama ni kaka au dada. Kizulu, Kiganda na Kigikuyu ni hivyohivyo.

Wengine huuliza mbona Kiarabu, kilichotupa maneno mengi kiasi hiki, hakikutuachia "huwa" (yeye wa kiume) na "hiya" (yeye wa kike) zake. Lugha huazimana majina ya vitu na vyeo kwa urahisi, hata hesabu: sita, saba na tisa zimetoka huko. Viwakilishi ni mifupa ya sarufi, na mifupa haiazimwi ovyo. Hutokea, lakini kwa nadra. "They" ya Kiingereza ilitokana na lugha ya Waskandinavia waliohamia Uingereza, ikaisukuma nje ile ya asili.

Kwa hiyo Kiswahili hakina jinsia kabisa?

Kinayo, ila haikai kwenye kiwakilishi. Chukua sentensi "Daktari ameolewa." Hakuna "yeye" wa kike hapo, wala neno "mwanamke", lakini kila msomaji amejua kuwa daktari ni mwanamke. Badilisha iwe "Daktari ameoa" na picha inageuka. Kitenzi kimefanya kazi ambayo Kiingereza huachia "he" na "she".

Maneno ya ujamaa nayo husema mengi. Mtu akisema "wifi yangu amefika", ametaja mwanamke, na kwa desturi amejitaja na yeye mwenyewe kuwa mwanamke, kwa kuwa wifi huitana wanawake: dada wa mume na mke wa kaka. Ni neno dogo linaloonyesha jinsia ya watu wawili kwa mpigo, jambo ambalo "he" na "she" haziwezi kulifanya.

Tofauti iko kwenye kulazimishwa. Mwanaisimu Roman Jakobson aliliweka hili wazi mwaka 1959: lugha hutofautiana hasa katika yale ambayo msemaji hana budi kuyasema, kuliko katika yale anayoweza kuyasema. Mswahili anaweza kutaja jinsia akitaka. Mwingereza aliyeanza kusimulia habari za mtu mmoja hulazimika kuitaja mapema, hata kama haina uhusiano wowote na habari yenyewe.

Sisi ndio wa ajabu, au wao?

Wao, ukihesabu lugha badala ya kuhesabu wasemaji. Mwanaisimu Anna Siewierska alilinganisha viwakilishi huru vya nafsi katika lugha 378 kutoka pande zote za dunia. Katika lugha 254 hakukuta tofauti yoyote ya jinsia. Hiyo ni kama theluthi mbili. Tunaiona tofauti ya "he" na "she" kuwa ya kawaida kwa sababu lugha tunazofundishwa shuleni, yaani Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu, zote ziko upande wa wachache.

Upande wa wengi una Kifini (hän), Kituruki (o), Kihungaria (ő), Kiajemi (u), Kiindonesia (dia) na Kitagalogi (siya). Dholuo, ambayo si ya Kibantu, ina "en" kwa wote.

Lugha zinazotofautisha, hutofautisha kwenye nafsi ipi?

Hapa ndipo penye utamu.

Mahali pa kawaida ni nafsi ya tatu umoja. Kiingereza kinaishia hapo: he, she, it, na wingi wote ni they. Kisomali kina "isagu" kwa mwanamume na "iyadu" kwa mwanamke, lakini "wewe" ni mmoja. Kisandawe cha katikati ya Tanzania nacho hutenganisha: "hewe" ni yeye wa kiume, "hesu" wa kike.

Lugha nyingine hushuka hadi nafsi ya pili. Kiarabu sanifu kina "anta" kwa mwanamume unayezungumza naye na "anti" kwa mwanamke. Kiebrania kina "ata" na "at", Kiamhari "anta" na "anchi", Kihausa "kai" na "ke". Anayezoea Kiingereza hushangaa: mtu yuko mbele yako, unamwona, ya nini kumwambia jinsia yake? Swali hilo hilo linaweza kuulizwa juu ya umoja na wingi. Ukiwa na mtu mmoja chumbani, naye anajua kuwa yuko peke yake, bado unasema "wewe" na si "ninyi". Sarufi haingoji kuona kama kuna haja.

Kiamhari kina jambo la ziada ninalolipenda. Ukimheshimu mtu, unaacha "anta" na "anchi" na kutumia "ersiwo", na tofauti ya jinsia inapotea. Kitamil hufanya jambo la jamaa hiyo kwenye nafsi ya tatu: "avan" ni yule mwanamume, "aval" yule mwanamke, na "avar" ni mtu wa heshima, awe mume au mke. Heshima inafunika jinsia.

Kuna nadharia iliyosambaa kwamba lugha ikitofautisha "wewe", basi lazima itofautishe na "yeye". Kwa lugha nyingi ni kweli. Kiiraqw, kinachozungumzwa kaskazini mwa Tanzania, hakifuati hiyo. "Wewe" mwanamume ni "kuung", "wewe" mwanamke ni "kiing", halafu "yeye" ni "inos" kwa wote wawili. Lugha za namna hii ni chache sana duniani, na hii tunayo jirani.

Na "mimi"? Kuna lugha ambayo "mimi" ya mwanamume si ya mwanamke?

Zipo. Kwa Kithai, mwanamume mwenye adabu hujiita "phom", mwanamke "dichan" au "chan", na kila mmoja hufunga sentensi kwa kijineno chake cha heshima: wanaume "khrap", wanawake "kha". Anachoonyesha msemaji ni jinsia yake mwenyewe, si ya anayeambiwa. Wageni wengi hukosea hapa kwa sababu wameiga maneno ya mwalimu wao bila kuuliza kama mwalimu ni wa jinsia yao.

Kijapani kina "mimi" nyingi. "Watashi" ni ya wote katika mazungumzo rasmi, "boku" na "ore" kwa desturi ni za wanaume, "atashi" ni ya wanawake. Haziko kwenye sarufi kwa ukali kama "anta" na "anti". Ni suala la mtindo na nafasi ya mtu, na wapo wanaozivuka makusudi.

Kihispania kina nafasi yake ya pekee. "Yo" ni mmoja, "tú" ni mmoja, ila wakiwa wengi hutengana: "nosotros" ni sisi wanaume au sisi mchanganyiko, "nosotras" ni sisi wanawake watupu.

Lugha yenye "yeye" mmoja inaweza bado kulazimisha jinsia?

Ndiyo, kupitia kitenzi. Kwa Kihindi "vah" ni yeye yeyote. Ukitaka kusema anakwenda, unachagua: "jata hai" kama ni mwanamume, "jati hai" kama ni mwanamke. Kwa hiyo kusema kwamba Kihindi hakina jinsia kwenye "yeye" ni kweli, na bado hakikusaidii kuificha.

Kirusi huifanya kwenye wakati uliopita. Mwanamume aliyesoma anasema "ya chital", mwanamke "ya chitala", ingawa "ya", yaani mimi, ni ileile. Kiebrania huifanya kwenye wakati uliopo: "ani kotev" ni mimi naandika kwa mwanamume, "ani kotevet" kwa mwanamke.

Anayeshinda wote ni Kibaski, lugha ya mpakani mwa Uhispania na Ufaransa. Katika mazungumzo ya watu waliozoeana sana, kitenzi hubeba jinsia ya anayesikiliza hata kama hatajwi popote katika habari. Ukisema "nimekuja" kwa rafiki wa kiume ni "etorri nauk". Kwa rafiki wa kike ni "etorri naun". Aliyekuja ni wewe, lakini kitenzi kimegeuka kumfuata aliyeambiwa. Lugha hiyo haina "yeye" wa kiume na wa kike.

Jinsia ya kisarufi na jinsia ya mtu ni kitu kimoja?

Hapana. Kijerumani humwita msichana "das Mädchen", neno lisilo la kiume wala la kike, kwa sababu kila neno la udogo linaloishia na "-chen" huingia kundi hilo. Kiwakilishi kikifuata neno, msichana anakuwa "es", kama kitabu kingekuwa. Wajerumani wengi wakiendelea kusimulia hurudi kwenye "sie", yaani yeye wa kike, kwa kuwa akilini mwao ni msichana. Jua kwa Kijerumani ni la kike na mwezi wa kiume. Kwa Kifaransa ni kinyume chake. Kifaransa husema "une victime", mwathirika, kwa jinsia ya kike hata kama aliyeumizwa ni mwanamume mwenye ndevu, na kiwakilishi kinachokuja karibu hufuata jinsia hiyo ya neno.

Mfano mwingine ni Roho wa Biblia. Kiebrania "ruach" mara nyingi ni la kike, Kigiriki "pneuma" si la kiume wala la kike, Kilatini "spiritus" ni la kiume. Roho ni yuleyule, jinsia ya neno ndiyo iliyobadilika njiani. Waliotafsiri kwa Kiswahili waliponea kwenye "yeye".

Kimaasai kinaonyesha kuwa nomino na viwakilishi vinaweza kwenda njia mbili. Nomino zake hubeba jinsia waziwazi mwanzoni, "ol-" kwa za kiume na "en-" kwa za kike, lakini "yeye" ni "ninye" tu.

Kundi lenye wanaume na wanawake huitwaje?

Kwa Kifaransa, Kihispania na Kiarabu, mwanamume mmoja akiingia katikati ya wanawake mia, kundi lote linakuwa la kiume: ils, ellos, hum. Wanafunzi hufundishwa hivyo kama kanuni isiyo na mjadala, na mjadala upo, mkali. Kiaisilandi kilipata njia nyingine. Kina "þeir" kwa wanaume, "þær" kwa wanawake, na kundi la mchanganyiko ni "þau", umbo lisilo la kiume wala la kike.

Kwa nini nachanganya "he" na "she" ingawa najua maana zake?

Kwa sababu kujua maana hakutoshi. Unapozungumza kwa Kiswahili, akili yako haiandai jinsia ya mtu kabla ya kitenzi, haijawahi kuihitaji. Kwa Kiingereza lazima iwe tayari kabla hujafungua mdomo. Wafini na Waturuki hukosea vilevile, na hata Wachina, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni uzembe. Dawa ni kusimulia kwa sauti habari ndefu za mtu mmoja anayejulikana, mama yako kwa mfano, hadi "she" ije yenyewe. Kujaza mapengo kwenye karatasi hakusaidii sana, maana kwenye karatasi una muda wa kufikiri.

"His" na "her" hufuata nani, mwenye mali au mali?

Kwa Kiingereza, mwenye mali: "her father" ni baba wa mwanamke. Kwa Kifaransa, mali: "son père" ni baba yake na "sa mère" ni mama yake, awe mtoto wa kike au wa kiume. Msemaji wa Kiswahili ana faida hapa, kwani "-ake" nayo hufuata kitu: kitabu chake, nyumba yake, mkono wake. Waingereza ndio wanaohangaika.

Ni kweli Kichina kina "yeye" tatu zinazotamkwa sawa?

Ni kweli, na moja yao ina umri unaojulikana. Katika matamshi ni "tā" kwa mwanamume, mwanamke na kitu. Zamani herufi moja, 他, yenye alama ya mtu, ilitosha kwa watu wote. Mwanzoni mwa karne ya 20 waandishi waliokuwa wakitafsiri vitabu vya Ulaya waliona shida ya "she", na mshairi na mwanaisimu Liu Bannong akaitetea herufi 她, yenye alama ya mwanamke. Mwaka 1920, akiwa London, aliitumia katika shairi lililopata umaarufu mkubwa. Vitu vina 它. Mdomo haukubadilika hata kidogo. Tofauti yote iko kwenye maandishi. Siku hizi baadhi ya Wachina mtandaoni huandika "ta" kwa herufi za Kirumi pale wasipotaka kutaja jinsia, yaani wamerudi walikokuwa.

Kijapani nacho kilipata "kanojo", yeye wa kike, kwa msukumo huohuo wa tafsiri katika karne ya 19. Neno hilo leo lina maana ya pili: mpenzi wa kike.

Viwakilishi vipya kama "hen" na "iel" vimetoka wapi, na "they" ya mtu mmoja je?

"They" ya mtu mmoja si mpya. Imeandikwa tangu karne ya 14, pale msemaji asipojua anayetajwa ni nani. Kilicho kipya ni kuitumia kwa mtu anayejulikana, ambaye hataki "he" wala "she". Kamusi ya Merriam-Webster iliifanya neno la mwaka 2019. Anayedai kuwa wingi hauwezi kuwa umoja akumbuke kwamba "you" nayo ilikuwa ya wingi, na "thou" ndiyo ilikuwa ya mtu mmoja.

"Hen" ya Kiswidi ilipendekezwa miaka ya 1960, kwa mfano wa "hän" ya Kifini, ikalala kwa miongo kadhaa, kisha ikaamka. Mwaka 2015 iliingia kwenye orodha ya maneno ya Akademia ya Uswidi. "Iel" ya Kifaransa ni muungano wa "il" na "elle". Kamusi ya Le Robert ilipoiweka kwenye toleo lake la mtandaoni mwaka 2021, waziri wa elimu wa Ufaransa aliipinga hadharani. Ugumu wa Kifaransa ni zaidi ya kiwakilishi: hata ukipata "iel", kivumishi kinachofuata bado kinadai umbo la kiume au la kike.

Je, jamii yenye "yeye" mmoja ina usawa zaidi?

Ningependa iwe hivyo, lakini hapana. Aisilandi, ambayo lugha yake hutenganisha jinsia hadi kwenye "wao", imeongoza kila mwaka tangu 2009 katika orodha ya Jukwaa la Uchumi Duniani ya mataifa yaliyopunguza zaidi pengo kati ya wanaume na wanawake. Kiajemi na Kituruki vina "yeye" mmoja, na hakuna anayezitaja Iran na Uturuki kama vinara wa orodha hiyo. Sarufi inaweza kugusa kile kinachokujia akilini kwanza unaposikia "daktari" au "muuguzi". Urithi, mshahara na kura vina mambo yake mengine.

Sheria zilizoandikwa kwa "he" zinawahusu wanawake?

Uingereza ilipitisha sheria ya tafsiri mwaka 1850 iliyosema kwamba maneno ya kiume katika sheria yatahesabiwa kuwahusu na wanawake. Sheria ya mwaka 1978 iliongeza kinyume chake: maneno ya kike nayo yawahusu wanaume. Mwandishi wa sheria kwa Kiswahili hahitaji kifungu kama hicho kwa ajili ya "yeye".

Natafsiri hadithi kutoka Kiingereza. Nifanyeje na "he" na "she" zinapopishana?

Kwanza pima kama jinsia ina kazi pale. Mara nyingi haina, na "akasema" inatosha. Ikiwa ina kazi, usirundike "mwanamume huyo" na "mwanamke huyo" kila mstari. Kurasa mbili tu na msomaji amechoka. Rudisha jina. Tumia yule mzee, yule binti, mama yule, mwenzake, mgeni wake. "Huyu" na "yule" hutenganisha watu wawili vizuri kuliko "he" na "she", kwa sababu hufanya kazi hata wote wawili wakiwa wanaume, pale ambapo Kiingereza chenyewe hukwama.

Kwenda Kiingereza ni kugumu zaidi, maana unadaiwa habari ambayo mwandishi hakuitoa. "Mwalimu aliniita, akanipa barua, akaondoka." Ni he au she? Tafuta mbele kwenye matini: jina, "ameolewa", "mama Fulani". Usipopata, muulize mwandishi kama yu hai. Programu za kutafsiri hazimuulizi mtu. Kwa muda mrefu zilikisia tu, na daktari akawa "he", muuguzi akawa "she". Desemba 2018 Google ilianza kutoa majibu mawili, la kike na la kiume, kwa baadhi ya sentensi fupi za Kituruki zenye "o". Matini ikiwa ndefu, kagua kila "he" mwenyewe.

Fomu ya Kiingereza inaniuliza viwakilishi vyangu. Nijaze nini?

Inauliza watu wakikutaja kwa Kiingereza watumie neno gani. Andika "he/him", "she/her" au "they/them", lile unalotaka litumike. Neno la pili ni umbo la mtendewa, kama "-m-" katika "namwona". Usiandike "yeye", kwa kuwa anayesoma fomu bado atakuwa hajajua aseme nini.